Sauti ya Tembo, Biti ya Nani?

Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa hukatisha Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na abiria wa basi huona tembo bila kulipa kiingilio. Tuseme kijana mmoja wa Mikumi mjini, prodyuza wa chumbani mwenye kompyuta moja na spika mbili, yumo ndani ya basi hilo. Dereva anapunguza mwendo kupisha kundi la tembo, mmoja anapiga mlio wa mkonga, na kijana tayari ameshawasha kinasa sauti cha simu. Usiku ule anaukata ule mlio, anaushusha kidogo, anaulaza juu ya kiki na snea. Biti imetoka. Miezi michache baadaye anaisikia redioni, yuko Kilosa kwa mjomba wake, na juu yake anaimba mtu asiyemjua.

Atasema ameibiwa, na huenda ni kweli. Lakini ameibiwa nini hasa? Mlio? Mpangilio wa ngoma? Faili? Hivi ni vitu tofauti, kila kimoja kina haki yake, na kuvitenganisha hatuwezi kuanzia mahakamani. Tuanzie hewani.

Tembo anapolia, hewa iliyo mbele ya mkonga inasukumwa na kuvutwa mara nyingi kila sekunde. Msukumo huo unasafiri kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde mpaka dirishani, na unatikisa kiwambo kidogo kilichomo ndani ya maikrofoni ya simu. Kiwambo kikitikisika, umeme ndani ya simu unapanda na kushuka kwa kukifuata. Kisha simu inaupima umeme huo kwa vipindi vifupi sana na kuandika kila kipimo kama namba. Tuchukue kiwango cha santuri za CD, ambacho Sony na Philips walikiingiza sokoni mwaka 1982: vipimo 44,100 kila sekunde. Simu nyingi za leo hutumia 48,000, ila hesabu ni ile ile.

Kwa nini idadi kubwa hivyo? Sikio la kijana mwenye afya hupokea mitetemo kuanzia 20 hivi hadi kama 20,000 kwa sekunde. Kila mtetemo una kupanda na kushuka, hivyo usipoupima zaidi ya mara mbili huwezi kujua kama ulipanda na kushuka au ulitulia tu. Mara mbili ya 20,000 ni 40,000. Ukiongeza nafasi kidogo ya usalama unafika 44,100. Kila kipimo kinaangukia kwenye mojawapo ya ngazi 65,536. Biti ya dakika tatu yenye pande mbili, kushoto na kulia, ni namba 15,876,000 zilizopangwa foleni. Ndani ya faili la WAV hakuna kingine cha maana zaidi ya foleni hiyo.

Sasa angalia kilichopotea njiani. Mwaka 1984 mtafiti Katy Payne aligundua kwamba tembo huwasiliana kwa mngurumo wa chini sana, ambao sehemu yake iko chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, yaani chini ya mpaka wa sikio letu. Wimbi la namna hiyo lina urefu wa mita 17 au zaidi. Simu ya mfukoni haikuundwa kunasa mitetemo ya chini hivyo. Kwa hiyo kilichomo kwenye simu ya kijana wetu ni kile tu ambacho simu ile, kwenye kiti kile, upande ule wa basi, iliweza kukidaka pamoja na mlio wa injini na mtoto aliyekuwa akilia siti ya nyuma. Abiria wa kiti cha mbele naye angerekodi, foleni yake ya namba ingekuwa nyingine kabisa, ingawa tembo ni yule yule.

Hapo ndipo haki ya kwanza inapozaliwa. Tembo hana hakimiliki: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi, na mtunzi ni binadamu. Mlio wenyewe hauna mwenyewe. Lakini rekodi inaye: ni yule aliyefanya mpango wa kuinasa kwa mara ya kwanza, na haki yake inaangukia upande wa pili wa jina la sheria, ule wa hakishiriki. Mwingine akienda kesho akamrekodi tembo yule yule, hajamwibia mtu. Akichukua foleni ya namba ya kijana wetu na kuibandika kwenye wimbo wake, ameichukua rekodi ya mtu. (Kurekodi kibiashara ndani ya hifadhi ni suala jingine, lina vibali vyake, tusilichanganye na hili.)

Tuje kwenye kitu cha pili, mpangilio, ambacho watu hukipigania zaidi na kukielewa kidogo zaidi.

Fungua programu yoyote ya kutengenezea biti na utaona mstari wa vyumba 16. Huo ni mzunguko mmoja wa mapigo manne, kila pigo limegawanywa mara nne. Ukiweka kasi ya mapigo 90 kwa dakika, pigo moja linachukua theluthi mbili za sekunde, mzunguko mzima sekunde 2.67, na kila chumba sekunde 0.167. Weka snea chumba cha 5 na cha 13, kiki chumba cha 1 na cha 11, hai-hati kila baada ya chumba kimoja. Umeshapata mdundo ambao mtu wa Kidodi, wa Temeke na wa New York wote watatikisa nao kichwa. Nani anaumiliki?

Tuhesabu. Kila chumba kina hali mbili, kuna pigo au hakuna. Vyumba 16 vinatoa mipangilio 65,536 kwa ngoma moja. Ngoma tatu, kiki, snea na hai-hati, zinatoa zaidi ya trilioni 281. Ukiishia hapo utadhani dunia ina midundo ya kutosha, kila prodyuza achukue yake na abaki nayo. Ila hesabu hiyo haijauliza miguu. Sehemu kubwa ya mipangilio hiyo ni vurugu ambayo hakuna anayeweza kuicheza. Yenye mvuto ni michache, na mingi kati ya hiyo ilikuwapo kabla ya umeme. Chukua mgawanyo wa tatu, tatu, mbili: piga chumba cha 1, cha 4, cha 7, kisha rudia kuanzia cha 9. Unausikia kwenye ngoma nyingi za Afrika na kwenye muziki wa Karibi uliozaliwa na Waafrika waliovushwa bahari. Ukimpa mtu mmoja hati ya kuumiliki, umewanyang'anya wengine wote.

Ndiyo maana sheria hailindi wazo, mbinu wala mtindo. Inalinda namna wazo lilivyotendwa na mtu fulani. Snea kwenye 5 na 13 ni ya kila mtu. Lakini snea hiyo pamoja na besi inayopanda kwa namna ya pekee, mlio wa tembo ulioshushwa na kukatwa nusu, kimya cha robo pigo kabla ya kiitikio na kinanda kinachojibu kwa noti nne ulizozichagua wewe, hapo maamuzi ya mtu mmoja yanaanza kuonekana. Kadiri maamuzi yako yanavyozidi, ndivyo uwezekano wa mtu mwingine kuyafikia yale yale kwa bahati unavyopungua, na ndivyo hoja yako inavyopata nguvu.

Mpaka kati ya mdundo wa wote na mdundo wa mtu unagombaniwa hata sasa. Mwaka 2021 Cleveland Browne wa Jamaika, nusu ya watu wawili waliojulikana kama Steely & Clevie, alifungua kesi Los Angeles akidai kwamba mdundo wao wa mwaka 1989 uitwao "Fish Market" ndio uti wa mgongo wa muziki wa reggaeton. Wadaiwa ni wengi, wasanii zaidi ya 100. Utetezi wao, kwa ufupi, ni kwamba mpangilio wa ngoma peke yake ni matofali ya kila mjenzi. Mwaka 2024 jaji alikataa kuitupa kesi hiyo katika hatua ya awali. Binafsi naona utetezi una uzito: anayedai vyumba 16 vitupu anadai kikubwa mno. Lakini anayedai jinsi vyumba hivyo vilivyojazwa, kwa milio gani na kwa kusikilizana vipi, huyo asipuuzwe.

Kuna upande wa pili wa sarafu hiyo, nao unauma zaidi. Mwaka 1969 kundi la The Winstons la Marekani lilitoa wimbo "Amen, Brother", ambamo mpiga ngoma Gregory Coleman anabaki peke yake kwa mizunguko minne. Kwa kasi ya mapigo 137 hivi kwa dakika, hiyo ni kama sekunde 7. Sekunde hizo zimekatwa na kupachikwa kwenye maelfu ya nyimbo. Hapa hakuna ubishi wa vyumba 16, maana watu hawakuiga mpangilio, walichukua rekodi yenyewe. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa chochote kwa matumizi hayo.

Turudi Kilosa, maana wilaya hii ina mfano wake mkubwa. Kuanzia 2015 hadi 2020 mbunge wa jimbo la Mikumi alikuwa Joseph Haule, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Profesa Jay. Albamu yake ya mwaka 2001, "Machozi, Jasho na Damu", ina wimbo "Ndiyo Mzee", unaomchora mgombea anayeahidi kila kitu; aliuimba miaka 14 kabla hajasimama mwenyewe kuomba kura. Wimbo huo ulitengenezwa Bongo Records, kwenye mikono ya P-Funk Majani. Msikilizaji husikia kitu kimoja. Sheria husikia vitu vinne: maneno, ambayo ni kazi ya maandishi, muziki, yaani biti na melodia, uimbaji wa siku ile, na rekodi. Vinaweza kuwa vya mtu mmoja au vya watu wanne, na kinachoamua ni nani alitunga nini na karatasi ya siku ile inasema nini.

Siku zile za kaseti karatasi mara nyingi hazikuwapo. Msanii alilipa fedha ya studio, akaondoka na masta, akaipeleka Kariakoo kwa msambazaji. Prodyuza alibaki na jina lake likitajwa mwanzoni mwa wimbo, basi. Mazoea hayo yamerithiwa na studio za chumbani za Mikumi na Ruaha: mwimbaji anatoa hela ya biti, anapewa faili kwenye fleshi, kila mmoja anaondoka akiamini anamiliki kitu kizima. Aliyelipa anaamini amenunua wimbo. Aliyetunga anaamini ameuza ruhusa ya kuutumia. Kulipa fedha na kuhamisha haki ni matendo mawili, na la pili linahitaji maandishi. Jina la mtunzi, hata biti ikiuzwa, linabaki lake: hiyo ni haki ya kimaadili, na sheria yetu inaitaja wazi.

Hakimiliki haihitaji usajili kuzaliwa. Sheria ya 1999 inasema mtunzi hupata ulinzi kwa kitendo cha kutunga tu, na Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, mkataba unaokataza kudai usajili kama sharti. (Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA.) Ulinzi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ukisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, hujaiumba haki; umejipatia shahidi.

Na shahidi ndiye kiini cha mambo. Jaribu hili kwenye kompyuta yako: ingia kwenye mpangilio wa saa, rudisha mwaka hadi 1999, tengeneza faili jipya, lihifadhi. Sasa una biti iliyotungwa kabla prodyuza mwenyewe hajazaliwa. Tarehe ya faili ni neno la saa yako, na saa yako ni mtumishi wako. Ushahidi wa wakati lazima utoke kwenye saa ambayo huwezi kuigusa: daftari la COSOTA, seva ya barua pepe, siku wimbo uliporuka redioni.

Hisabati inaongeza kifaa kizuri hapa. Kuna kanuni iitwayo SHA-256, inayopatikana bure. Unaipa faili lolote, hata la foleni ya namba milioni 15, nayo inalisaga na kukupa mstari wa herufi na tarakimu 64. Faili lile lile, popote duniani, siku yoyote, litatoa mstari ule ule. Badilisha namba moja tu kati ya zile milioni 15, kwa ngazi moja ambayo sikio haliwezi kuijua, na mstari mzima unageuka. Hakuna anayejua njia ya kurudi kutoka kwenye mstari hadi kwenye faili. Kwa hiyo prodyuza anaweza kumtumia mwanasheria au rafiki mstari huo kwa barua pepe leo, bila kumsikilizisha biti hata sekunde moja, na miaka mitano baadaye akatoa faili lake na kuonyesha kwamba lilikuwapo siku ile, lilivyo.

Fanya hivyo kwa faili la programu, lile lenye vyumba vyote, si kwa MP3 peke yake. MP3 kila aliyeisikia anaweza kuwa nayo. Siku hizi kompyuta inaweza hata kuitenganisha, sauti huku na ngoma kule. Lakini mwizi hawezi kuonyesha kiki tatu ulizozijaribu ukazitupa, wala rekodi nzima ya tembo yenye mtoto anayelia. Na nakala moja ikae mbali na nyumbani. Watu wa Kilosa waliosombwa na mafuriko ya Mto Mkondoa mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Kanuni ile ya kusaga ina udhaifu mmoja: haiwezi kumkamata mwizi. Aliyeongeza sauti yake juu ya biti amebadilisha namba zote, mstari wake haufanani na wako hata kidogo. Kumtafuta kunahitaji alama ya tabia iliyo kinyume, isiyojali mabadiliko madogo. Hiyo ndiyo inayotumiwa na Shazam, ambayo mbinu yake ilielezwa na Avery Wang mwaka 2003.

Inafanya kazi hivi. Sauti inakatwa vipande vifupi, na kila kipande kinachambuliwa kujua mitetemo ipi imo na kwa nguvu gani. Hesabu yake imetokana na kazi ya Joseph Fourier kuhusu joto, ya mwaka 1822. Mashine haihifadhi yote. Inachukua vilele tu, mitetemo iliyo na nguvu kuliko jirani zake. Ukisimama kwenye uwanda wa Mikumi siku yenye ukungu, mabonde ya Udzungwa hupotea, vilele hubaki vikionekana. Kelele za daladala huficha sauti kwa namna hiyo hiyo, zinazima vidogo kwanza. Kisha vilele vinafungwa wawiliwawili: mtetemo wa kwanza, mtetemo wa pili, na muda uliopita kati yao. Jozi chache zikikubaliana kwa mpangilio ule ule wa muda, mashine inasema nimeupata.

Wajanja wanalijua hilo, na ujanja wao wa kwanza ni kuikimbiza biti. Wakiiharakisha kwa asilimia 6, noti zote zinapanda nusu toni moja, na biti ya 90 inakuwa ya 95 na kitu. Sikio linatambua bado. Lakini kila jozi imeharibika: mitetemo yote miwili imepanda na muda kati yao umefupika. Mifumo mipya inalikabili hilo kwa kuangalia uwiano badala ya namba zenyewe, kwa sababu vitu viwili vikipanda asilimia 6 vyote, uwiano wao haubadiliki.

Na mashine hii haijui sheria. Inajua kufanana tu. YouTube ina mfumo wake, Content ID, ulioanza mwaka 2007, na ndani yake ndimo prodyuza wengi wanapokutana na hakimiliki kwa mara ya kwanza, kwa uchungu. Kijana wetu anampa mwimbaji wa Kilosa biti kwa leseni ya kawaida, na mwezi unaofuata anampa biti hiyo hiyo mwimbaji wa Morogoro. Halali kabisa, wote wawili wamekubali. Wa Kilosa anapeleka wimbo wake kwa msambazaji wa mtandaoni, msambazaji anauingiza kwenye Content ID ukiwa mzima, sauti na biti pamoja. Wa Morogoro akitoa wake, mashine inaona vilele vya biti vinafanana na kumzuia. Hata kijana mwenyewe akiweka biti yake tupu kwenye akaunti yake, anadaiwa. Hali hiyo hiyo huwapata wawili waliopakua lupu moja kutoka kwenye mkusanyo mmoja, wasiojuana kabisa.

Dawa yake ni sentensi moja kwenye leseni, nayo iandikwe kabla faili halijatoka kwenye kompyuta: mwimbaji asiingize wimbo huu kwenye mfumo wowote wa kutambua sauti bila idhini ya mtunzi wa biti. Chini yake yaandikwe majina yote mawili, tarehe, kasi ya biti, ule mstari wa herufi 64, na neno moja kati ya mawili, "ruhusa" au "mauzo". Wasaini wote, kila mmoja aondoke na nakala.